Tabibu wa Miamba Si Pambo la Sebuleni

Katika maduka ya samaki wa mapambo ya Marekani, Ulaya na Japani huuzwa samaki mmoja mdogo wa baharini ambaye urefu wake hauzidi sentimita 14. Mwili wake ni mwembamba, wenye rangi ya buluu inayong'aa, na mstari mweusi unaoanzia mdomoni na kupanuka kuelekea mkiani. Wanasayansi humwita Labroides dimidiatus. Makao yake ni miamba ya matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na kazi yake ndiyo inayostahili kumpa jina: msafishaji. Mnunuzi anayesimama mbele ya kioo cha duka huambiwa mambo mawili juu ya samaki huyu. La kwanza, kwamba ni mzuri. La pili, kwamba akitiwa ndani ya tangi atawaponya samaki wengine maradhi yao. La kwanza ni kweli. La pili ni uongo wa kibiashara, na gharama ya uongo huo hailipwi na muuzaji. Hulipwa na samaki mwenyewe, na mwamba alikotolewa, na mvuvi anayeutegemea mwamba huo kwa kitoweo na kwa fedha ya ada ya watoto.

Ili ubaya wa biashara hii ufahamike, yafaa kwanza ifahamike kazi ya samaki huyu kwao. Msafishaji hazururi. Ana kituo chake mwambani, pengine chini ya tumbawe pana, pengine kwenye ufa, na hapo huonekana kutwa nzima, siku baada ya siku. Samaki wengine hupajua mahali hapo kama wanakijiji wanavyoijua zahanati yao. Chewa, changu, pono, kangaja, mkundaji, hata mkunga mwenye meno ya kutisha, huja na kusimama, wakatandaza mapezi na kutulia. Msafishaji hucheza mbele yao kwa kuyumbisha mkia, kisha huingia kazini. Hupita magambani, hupita kwenye matamvua, na chewa akifumbua kinywa huingia hata humo ndani na kutoka salama, ingawa chewa huyo huyo angemmeza samaki mwingine wa kimo kile bila kusita.

Anachokitafuta ni vidudu vidogo vya ukoo wa kamba na kaa, vinavyoishika ngozi ya samaki na kunyonya damu. Mtafiti Alexandra Grutter, aliyefanya kazi katika Kisiwa cha Lizard kwenye miamba mikubwa ya kaskazini mashariki mwa Australia, alitoa mwaka 1996 hesabu inayostahili kukumbukwa na kila mtu anayeshughulika na bahari. Msafishaji mmoja hukagua samaki wapatao 2,300 kwa siku, na hula vidudu wapatao 1,200. Mwaka 1999 mtafiti huyo alionyesha jambo jingine: samaki waliowekwa kwenye miamba isiyo na msafishaji walikutwa, baada ya saa 12 tu, na vidudu hivyo zaidi ya mara nne kuliko wenzao waliowekwa kwenye miamba yenye msafishaji. Si mwezi, si wiki. Ni saa 12.

Katika lugha ya siasa ya Tanzania ya miaka ya Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, na mwananchi aliyekuwa hajui kusoma aliielewa picha hiyo bila kufafanuliwa: mdudu anayenenepa juu ya mgongo wa mwenye jasho. Baharini picha hiyo si fumbo. Kupe wapo kweli, wananyonya kweli, na samaki huyu mdogo ndiye anayewabandua. Kumwondoa yeye na kuwaacha wao ni jambo ambalo mfugaji wa ng'ombe wa Shinyanga asingeambiwa alifanye akakubali.

Sasa na atazamwe samaki huyo huyo akiwa katika tangi la kioo la lita 200, sebuleni mwa mtu, pamoja na samaki wengine sita. Wateja wake elfu mbili na mia tatu wamegeuka kuwa sita. Vidudu walivyokuja navyo kutoka baharini, kama walikuja navyo, humalizika upesi, na tangi lililotunzwa vizuri haliviruhusu kuzaliana. Msafishaji hana tena cha kusafisha. Basi huanza kula ute unaowafunika wenzake na kung'oa magamba yao, na wenzake, ambao baharini wangeogelea zao au wangemfukuza kwa kosa hilo, humo kioni hawana pa kwenda. Hujibanza pembeni, huacha kula, hudhoofika. Naye msafishaji tumbo hubonyea siku hata siku. Wako wachache wanaojifunza kula vipande vya kamba anavyotupa mwenye tangi. Wengi hufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula ambacho maumbile hayakuwafundisha kukitambua.

Jambo hili si siri ya wataalamu. Ripoti juu ya biashara ya viumbe wa mapambo wa baharini iliyotolewa mwaka 2003 na kituo cha uhifadhi cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ilimtaja msafishaji kwa jina kuwa miongoni mwa samaki ambao hawastahimili maisha ya tangi na ambao, hata hivyo, wanaendelea kuuzwa kwa wingi. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka ishirini. Wauzaji hawawezi kudai kwamba hawakuambiwa.

Na ule uponyaji unaotangazwa? Ugonjwa unaowasumbua zaidi wafugaji wa samaki wa baharini ni ule wa madoadoa meupe, unaoletwa na kimelea chenye jina la Cryptocaryon irritans. Kimelea hicho si kile ambacho msafishaji hukila kwao. Ni kiumbe cha chembe moja, kinachojichimbia chini ya ngozi ya samaki na kujificha humo hadi kikomae. Hakibanduliwi kwa mdomo. Mwenye tangi aliyeona madoa hayo juu ya samaki wake, akaenda dukani kwa haraka, akatoa fedha na kurudi na msafishaji ndani ya mfuko wa plastiki, amenunua tabibu wa ugonjwa mwingine. Amempeleka katika nyumba ya wagonjwa, na tabibu mwenyewe ataugua ugonjwa huo huo. Muuzaji aliyemshauri ama hajui bidhaa yake, ama anaijua vizuri mno.

Watetezi wa biashara hii hujibu kwamba wapo wasafishaji walioishi miaka mingi ndani ya matangi. Wapo. Wameishi katika matangi makubwa ya maonyesho ya umma, yenye maji maelfu kwa maelfu ya lita na samaki kwa mamia, na watumishi wanaolipwa mshahara kuwalisha mara nyingi kwa siku. Matangi hayo hayauzwi dukani pamoja na samaki. Kumtolea mfano samaki wa jumba la maonyesho ili kumuuza mwenzake kwa mtu mwenye kijitangi cha mezani ni sawa na kumwuzia mkulima mdogo trekta kwa kumwonyesha mavuno ya shamba la ekari elfu.

Si vibaya kutaja hapa, ingawa ni pembeni kidogo ya hoja, kwamba mwaka 2019 wanasayansi wa Japani waliandika juu ya jaribio walilolifanya kwa samaki huyu. Walimtia alama kooni, mahali asipoweza kupaona bila msaada, wakamwekea kioo cha kujitazamia. Samaki alijitazama, kisha akaenda kujisugua koo lake kana kwamba anataka kuifuta alama ile. Wataalamu wamebishana sana juu ya maana ya jaribio hilo, na ubishi huo ni haki yao. Lakini ni kinaya kikubwa kwamba kiumbe mwenye akili ya kuwazungumzisha wataalamu kiasi hicho anauzwa kama dawa ya chupa.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, haliko sebuleni. Liko mwambani alikoondoka.

Katika kisiwa kile kile cha Lizard, watafiti waliwaondoa wasafishaji wote kutoka miamba midogo kadhaa, wakaendelea kuwaondoa kila walipojitokeza wapya, kwa muda wa miaka minane na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwenye miamba iliyokosa msafishaji, idadi ya samaki wakazi ilikuwa pungufu kwa asilimia 37, na idadi ya aina zao pungufu kwa asilimia 23, ikilinganishwa na miamba iliyoachwa kama ilivyo. Baadhi ya aina walikuwa hata na miili midogo zaidi. Hakuna aliyetupa baruti hapo, hakuna aliyekokota juya, hakuna aliyevunja tumbawe. Kilichofanyika ni kuondoa samaki mmoja mdogo wa uzito wa gramu chache, na mwamba ukapungukiwa na zaidi ya theluthi ya wakazi wake.

Wafanyabiashara wana jibu la pili, na hili husikika hata kwa watu wenye nia njema. Husema kwamba msafishaji hayumo hatarini. IUCN, shirika la kimataifa linalopima hali ya viumbe, limemweka katika kundi la wale ambao kutoweka kwao hakuhofiwi kwa sasa; bahari zinazomhifadhi ni pana, na vifaranga wake husafirishwa na mikondo kutoka mwamba hadi mwamba. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali lililoulizwa. Nchi inaweza kuwa na waganga wengi, tena hodari, na kijiji kimoja kikakosa hata mmoja. Mama mwenye mtoto anayeharisha katika kijiji hicho hafarijiwi na hesabu ya madaktari wa taifa zima. Ndiyo sababu Tanzania, baada ya uhuru, haikuridhika na hospitali za mijini bali ilijenga zahanati vijijini: ilifahamika kwamba huduma ni kitu kinachopimwa pale mtu anapoishi. Changu wa mwamba mmoja hawezi kusafiri maili mia kumtafuta msafishaji. Kituo chake kikifungwa, kimefungwa.

Tena hufungwa kwa urahisi wa kusikitisha. Samaki wengine wa mapambo hujificha, hukimbia, humchosha mpiga mbizi. Msafishaji hukaa palepale, peupe, kwa sababu kazi yake ni kuonekana. Rangi zake ni bendera ya zahanati. Mwenye wavu aliyekipata kituo leo hukikuta mahali pale pale mwezi ujao, na kifaranga aliyeletwa na mkondo kuziba pengo naye hukamatwa. Huishi kwa makundi, dume mmoja na majike kadhaa. Dume akiondolewa, jike mkubwa kuliko wote huchukua nafasi yake, mtafiti D. R. Robertson alieleza mwaka 1972 jinsi jike huyo anavyoanza kujiendesha kidume ndani ya saa chache, na katika muda wa wiki mbili au tatu akawa dume kamili. Ni mpango wa ajabu wa maumbile wa kuhakikisha kwamba kazi haisimami mkubwa akifa. Lakini mpango huo uliandaliwa kwa kifo kimoja kimoja. Haukuandaliwa kwa mtu anayekuja na mfuko kuchukua kundi zima.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na hiyo haifai kupuuzwa, kwani ndiyo inayowagusa wavuvi. Ripoti ile ya mwaka 2003 ilieleza kwamba katika nchi moja ya visiwa, mnamo mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo ilithaminiwa kuwa karibu dola 500 za Marekani, hali kilo ya samaki wa kula kutoka miamba hiyo ilikuwa dola 6. Wafanyabiashara huzipenda sana tarakimu hizo. Husema: mvuvi atoe samaki wachache kwa fedha nyingi, badala ya kutoa wengi kwa fedha kidogo, je, huo si uhifadhi?

Kwa samaki fulani, na kwa usimamizi mwema, pengine ni uhifadhi. Kwa huyu si uhifadhi. Kilo moja ya chewa ni samaki mmoja, na mwamba utamsahau. Kilo moja ya wasafishaji ni mamia ya wasafishaji, na kila mmoja wao alikuwa akiwahudumia samaki maelfu, wakiwamo hao hao chewa, changu na tasi ambao jirani wa mpiga mbizi huwavua kwa mshipi na dema. Fedha ya msafishaji huingia mfukoni mwa mtu mmoja. Hasara yake hugawanywa kwa kijiji kizima, bila kijiji kuitwa mkutanoni. Na hata huyo mmoja hapati dola 500. Bei hiyo si ya ufukweni. Kati ya mkono wa mpiga mbizi na mkono wa mnunuzi wa ng'ambo wamo mkusanyaji, msafirishaji, mwagizaji na mwenye duka, na kila anayekufa njiani hukatwa kwenye malipo ya aliye chini kabisa.

Bahari yenyewe ina kiumbe anayeonyesha tabia hiyo kikamilifu. Yupo samaki mwingine aitwaye Aspidontus taeniatus, ambaye si wa ukoo wa msafishaji hata kidogo, lakini amevaa rangi zake zote: buluu ile ile, mstari mweusi ule ule, na hata mchezo ule wa kuyumbisha mkia ameuiga. Samaki mkubwa humjia kwa imani, akatandaza mapezi yake, na huyu mwongo humng'ata kipande cha pezi na kukimbia. Anayemwambia mvuvi kwamba anamletea maendeleo, huku akimpelekea ng'ambo mtumishi wa mwamba wake, asishangae watu wakimtafutia jina kutoka orodha hiyo ya samaki.

Jambo hili linaihusu pwani hii moja kwa moja. Katika pwani ya Kenya biashara ya samaki hai wa mapambo imekuwapo kwa miongo mingi, na msafishaji amekuwa miongoni mwa wanaokamatwa na kusafirishwa. Mkondo wa bahari hupita mbele ya Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba na Tanga ukielekea kaskazini, na haujui mpaka wa Vanga. Nchi zote mbili zinayo maeneo ambamo mwamba haukwapuliwi: Kenya ilianzisha hifadhi za Malindi na Watamu mwaka 1968, na Tanzania ilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari mwaka 1994 na kuanzisha Hifadhi ya Mafia mwaka 1995. Lakini wavuvi wengi hawavui ndani ya hifadhi. Wanavua nje, kwenye miamba ambayo mwaka 1998 ilipauka vibaya kwa joto la bahari, ikaanza kujiponya, ikapigwa tena na joto mwaka 2016 na mwaka 2024. Miamba iliyopitia hayo inahitaji matabibu wake wote kazini.

Mpiga mbizi wa samaki wa mapambo si adui katika suala hili, na atakosea atakayemfanya adui. Ni kijana anayetafuta riziki katika maji yenye hatari, mara nyingi bila vifaa vya kuaminika, na anakamata alichoagizwa kukamata. Agizo linatoka juu. Likibadilika agizo, atakamata kingine. Wala wapenda matangi wa Ulaya na Marekani hawatanyimwa starehe yao. Samaki wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, waishio ndani ya viwavi vya bahari, wamekuwa wakizalishwa katika vituo vya ufugaji tangu miaka ya 1970. Anayetaka samaki msafishaji anaweza kupata samaki wadogo wa jamii ya Elacatinus kutoka Karibiani, wenye mstari wa buluu au wa manjano, ambao nao husafisha wenzao, huzalishwa katika vituo hivyo, na hula chakula cha kawaida bila tabu. Kwa hiyo hata hoja ya kwamba soko linamhitaji Labroides haina mashiko. Soko limemzoea tu, kwa kuwa ni rahisi kumkamata na rahisi kumsifia.

Dunia imekwisha kufanya maamuzi ya namna hii kwa viumbe wengine wa tangi. Nchi za mkataba wa CITES ziliamua mwaka 2002 kuidhibiti biashara ya farasi wa baharini wote, na udhibiti huo ukaanza kutumika mwaka 2004. Msafishaji hayumo katika mkataba huo, na kungoja aingizwe ni kungoja wakubwa wakutane, wajadili na waahirishe. Hakuna haja ya kungoja. Samaki hai haondoki katika uwanja wa ndege bila kibali, na kibali huandikwa na serikali ya nchi anakotoka. Dodoma na Nairobi zinaweza, kila moja kwa karatasi yake, kuweka sharti la mstari mmoja kwamba Labroides dimidiatus hasafirishwi. Vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo wengi huviita BMU, vikiambiwa sababu yake kwa lugha ya kawaida, vitalilinda sharti hilo vizuri kuliko boti ya doria, maana wanachama wake ndio wenye changu na tasi wanaosubiri foleni kwenye kituo.

Sharti hilo halihitaji mkopo, wala mfadhili, wala mtaalamu wa kutoka nje aje kulifanyia semina hotelini. Linahitaji kuandikwa kabla kusi haijaisha. Kaskazi ikiingia maji yatakuwa maangavu, na wapiga mbizi watarudi miambani na nyavu zao na mifuko yao, wakielekea moja kwa moja kwenye vile vituo walivyoviacha mwaka jana.